Nilivyomfundisha Mama Kukaa Kwenye Ndege

Mimi nimepanda ndege ya safari ndefu mara moja tu maishani, lakini kwa Bariadi hiyo moja ilitosha kunifanya mtaalamu. Ofisi ilinipeleka China kwa mafunzo ya pamba, wiki tatu, nikarudi na begi la magurudumu na miguu iliyovimba hadi viatu vikakataa kuingia. Tangu hapo, mtu yeyote wa ukoo au wa mtaani akipata safari ya ndege anaelekezwa kwangu. Mwalimu mmoja aliyekuwa anakwenda kusoma Ujerumani alikuja na daftari kabisa. Nikamwambia avae nguo pana, achukue viatu vinavyomzidi namba moja, anywe maji kidogokidogo na soda aachane nayo, atafune bigijii ndege ikipanda na ikishuka masikio yasizibe, na asikae kama gunia, ainuke atembee. Aliandika yote. Nilipenda sana kuona mtu anaandika ninachosema, sitaficha.

Ni kiherehere hichohicho nilichokiingiza kwenye safari ya mama.

Mdogo wangu wa mwisho ameolewa na kijana wa Lingeka, kule Meatu, na wote wawili wanaishi Kanada. Mwaka juzi alijifungua mtoto wake wa kwanza kwa upasuaji, na kule hana dada wala shangazi wa kumkanda kwa maji ya moto. Mama alikuwa ameshasema tangu mimba ikiwa changa kwamba atakwenda, na visa tukaihangaikia mapema. Ikatokea kwamba shemeji, yaani mume wa mdogo wangu, alikuja nyumbani ghafla kumzika baba yake siku chache tu baada ya mtoto kuzaliwa. Tarehe yake ya kurudi ikawa ndiyo tarehe ya mama. Nikasema Mungu ametusikia. Mama hatasafiri peke yake na Kisukuma chake na Kiswahili cha kuungaunga, atasafiri na mkwe wake aliyesoma, anayejua kila mlango. Niliwatangazia watu ofisini kwa furaha. Ninapokumbuka ile furaha natamani kujizaba kofi.

Kilichokuwa kinaniogopesha ni mguu. Miaka miwili kabla ya hapo mama alianguka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, nyumbani kwetu Sapiwi, akavunjika mguu wa kushoto. Wakati amelala na plasta, damu ikaganda ndani ya mguu huo. Alikunywa dawa miezi mingi, akapona, lakini mguu ulibaki unavimba akikaa sana. Kabla ya safari nilimpeleka kwa daktari Bariadi. Daktari alimpima, akamwomba mama atangulie nje, akanibakiza mimi. Aliniambia mama anaweza kusafiri, ila kuna mambo matatu yasiyo na mjadala: anywe maji, atembee kila baada ya saa moja au mbili, na avae zile soksi za kubana hadi gotini. "Damu ikiganda tena inaweza kupanda kifuani," alisema. "Ikifika kifuani hatutakuwa na la kufanya huku." Nilitoka pale nimebeba kazi moja tu: kumfikisha mama Kanada huku damu yake inatembea.

Nikaifanya kazi ile kama naandaa mtihani wa taifa. Soksi nilizifuata Mwanza, nikazunguka maduka ya dawa mawili siku nzima hadi nikapata saizi yake. Nilinunua na ule mto wa kuvaa shingoni, mama akaugeuza huku na huku akasema hiyo ni nira, yeye siyo dume la kulimia, akampa mtoto wangu achezee. Tukakubaliana atakunja kanga aiweke kati ya shingo na ukuta wa ndege. Nikampangia begi dogo la miguuni: mafuta ya mgando ya mdomo, kwa sababu hewa ya mle inakausha, sweta, bigijii, chupa tupu ya maji ya kujaza akishapita ukaguzi.

Halafu mazoezi. Sebuleni kwangu Bariadi nilipanga viti viwili kwa ubavu wa ukuta. Mama anakaa kile cha ukutani, ndicho cha dirisha, mimi nakaa cha nje. Nilimfunga mkanda wa suruali ya mume wangu tumboni ili azoee kufungua na kufunga. Nilimfundisha kuchezesha nyayo akiwa amekaa, kanyaga mbele, kanyaga nyuma, nikamwambia mayu, ndivyo tunavyomwita mama, fanya kama unashona cherehani, na hilo alilielewa mara moja kwa sababu cherehani ameikanyaga maisha yake yote. Nikamfundisha namna ya kutoka kwenda chooni: unamgusa jirani yako begani, anainuka, unapita. Alinigusa begani, nikainuka, akapita, akaenda hadi jikoni, akarudi. Tulicheka sana siku hizo. Mama akiwa na miaka sabini na kitu anafunga na kufungua mkanda kama mtoto wa chekechea, anauliza kama ndegeni kuna mashimo barabarani, na mimi nacheka naye, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Katika mazoezi yote yale, jirani wa kiti nilikuwa mimi.

Inabidi nieleze sasa jambo ambalo sikuwa na haja ya kuelezwa na mtu, maana nimezaliwa ndani yake. Kwetu Usukumani, mama na mkwilima, yaani mume wa binti yake, wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mkono. Hawali mbele ya mwenzake. Shemeji akija Sapiwi alikuwa anachuchumaa kule kwenye ua, anasema mwadila mayu, na mama anaitikia akiwa amejifunika kanga kichwani na amegeukia pembeni. Chakula cha shemeji kinakwenda sebuleni, mama anakula jikoni. Akitaka kumwambia jambo anamtumia mtu, na kama hakuna mtu anauambia mlango, na yeye aliyekusudiwa anasikia. Hakuna ugomvi hapo, wala chuki. Mama alimpenda yule kijana kuliko alivyotupenda sisi, na hivyo ndivyo alivyokuwa akimwonyesha.

Haya yote nayajua. Na mimi huyuhuyu, mdogo wangu aliponipigia simu anachagua viti kwenye kompyuta, ndiye niliyemwelekeza. Kuna safu za nyuma kabisa ambako viti viko viwiliviwili badala ya vitatu. Nikamwambia chukua hapo. Mama dirishani, aegemee apate usingizi, shemeji pembeni yake amlinde, hakuna mgeni wa kuwasumbua. Nilijiona nimecheza kama Pele. Mdogo wangu alisita kidogo kwenye simu, akasema, "Dada, lakini mama na yeye..." Nikamkatisha. Nikamwambia asituletee mambo ya kijijini, watu wanasafiri.

Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, ndiye aliyesema waziwazi. Alikuja kumuaga mama, akanywa chai, akauliza wale wawili watakaa wapi. Nikamchorea kwa kidole mezani: mama hapa, mkwe hapa. Akauliza ni muda gani. Nikamwambia kutoka Dar hadi pale wanapobadilisha ndege ni kama saa sita, halafu saa kumi na nne. Shangazi aliweka kikombe chini. Akasema basi mbuzi atolewe kabla hawajaondoka. Kwa ukoo wetu ukwe unaweza kulegezwa: mkwe anatoa mbuzi, anapokelewa mbele ya watu wa pande zote mbili, na kuanzia hapo mama na mkwe wanaweza kukaa chumba kimoja, kula na kusemezana. Hatukuwahi kufanya hivyo kwa sababu shemeji alikuwa anaishi Kanada, kulegeza nini.

Nilicheka. Nilimwambia shangazi ile ni ndege, siyo nyumba ya mtu, na mimi nimebakiwa na siku tatu za kufunga mizigo, hiyo sherehe ya mbuzi naiweka wapi. Mama alikuwa hapohapo anachambua dagaa. Hakusema kitu. Nikauchukua ule ukimya kuwa amenikubali. Mama asingeweza kuomba mbuzi mwenyewe, ingekuwa aibu, kama mtu anayedai. Alikuwa ananisubiri mimi niliseme, na mimi nilikuwa nahesabu bigijii.

Hata siku ya kuondoka sikushtuka. Gari la kwenda Mwanza lilikuwa na nafasi ya wote, lakini shemeji alisema yeye atatangulia na basi la alfajiri. Nikafikiri ana mambo yake Mwanza. Uwanjani alisimama mbali na mizigo yake, mama amesimama na mimi. Nilimvalisha mama soksi kwa mikono yangu kwenye choo cha wanawake, nikazivuta hadi juu, nikamwambia zisishuke, mayu, zikikunjika ni mbaya kuliko kutovaa. Akanishika kichwa, akaniombea. Ndege ya kwenda Dar iliwatenganisha viti, bahati tu, na mama akanipigia kutoka Dar akiwa na furaha, amekunywa juisi, ametembea, ameshona cherehani.

Simu ya pili ilikuja asubuhi ya siku iliyofuata. Nilikuwa kazini Lagangabilili, nimesimama nje ya ofisi na wakulima waliokuja kwa ajili ya mbegu za pamba. Ilikuwa simu ya video kutoka kwa shemeji, lakini uso wake sikuuona. Niliona dari, kisha kanga ya mama. Baadaye ndiyo niliambiwa kwamba shemeji aliipiga, akaiweka juu ya kiti, akasogea hatua kadhaa, ndipo mama akaiokota. Walikuwa pale pa kubadilishia, wanasubiri ndege ya saa kumi na nne.

Nikamuuliza amekula nini. Akasema hajala. Nikamuuliza maji. Akasema kidogo, aliponawa. Chooni? Akavuta kanga usoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mafuta ya mgando nilimwekea mwenyewe kwenye begi.

"Mayu, tulifanya mazoezi," nikasema. "Unamgusa bega, anainuka, unapita."

"Bega la nani?" akaniuliza.

Pale ndipo nilipouona ule mchoro wangu wa mezani jinsi ulivyo. Nikamwambia kwa sauti ya kubembeleza, watu wa mbegu wananiangalia, kwamba kule angani mambo ya ukwe hayapo, kwamba hata Mungu anaelewa. Mama akanijibu bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto: "Kwani nikiwa angani mimi siyo mama wa mke wake? Goti lake lilikuwa hapa, mwanangu. Goti lake na langu." Akasema alijifunika kanga akaegemea dirisha, akakaa hivyo hadi wakashuka. Miguu? Inauma, lakini itapoa.

Nikamwambia amrudishie simu shemeji, ikawekwa tena kwenye kiti, shemeji akaiokota. Naye alikuwa amekwisha. Mimi kwake ni shemeji, tunataniana, hatuna breki kati yetu, kwa hiyo nilimpasulia: mama ana mguu wa kuganda damu, asipotembea na kunywa maji anaweza kufa, fanya uwezavyo ukae kiti kingine. Akasema ameshaomba pale kaunta, ndege imejaa. Akasema ataomba tena ndani. Akasema, "Dada, mimi mwenyewe sijala tangu Dar." Waliobaki kupanda walikuwa wanaitwa. Simu ikakatika.

Jamani, sijui kama umewahi kuwa na kosa lako mkononi, unaliona lote, na saa ya kulirekebisha inahesabika kwa dakika. Niliwaacha wakulima wamesimama. Nikampigia shangazi, nikamuuliza, bila hata salamu, kama mbuzi anaweza kutolewa sasa hivi, mkwe mwenyewe hayupo. Shangazi hakunisimanga, na ningependa angenisimanga. Alisema inawezekana, ndugu wa mkwe amlete, yeye shangazi ampokee kwa niaba ya mama mbele ya majirani. "Lakini lazima mama yako ajue," akasema. "Asipojua, kwake yeye mbuzi hayupo."

Kaka yake shemeji anafanya biashara ya mifugo Bariadi mjini. Nilimpigia, akanielewa kabla sijamaliza, kwa sababu yeye ni Msukuma mwenye akili, siyo kama mimi. Akasema anatoka. Wakati huo nilikuwa nampigia shemeji kila baada ya nusu dakika. Iliita mara moja haikupokelewa. Kisha haikuita tena.

Mbuzi alifika Sapiwi kwa bodaboda, dume jeupe lenye doa begani, amefungwa miguu nyuma ya kiti. Shangazi alimpokea mbele ya watu sita, maneno yakasemwa, maji yakamwagwa, picha ikapigwa nikatumiwa. Kila kitu kilifanyika kwa utaratibu wake, na mama alikuwa juu ya mawingu, amejifunika kanga, hajui. Nikamtumia shemeji ile picha na ujumbe. Ikatokea alama moja tu, ya kwamba umetoka kwangu haujafika kwake.

Kuna programu kwenye simu inayoonyesha kijindege kidogo kinatembea kwenye ramani. Wengine huwa nawashauri waipakue, wanaobaki nyumbani wanatulia moyo. Sikutulia. Nilirudi kwa wakulima nikawaeleza nafasi ya shimo na shimo, mbegu ngapi kila shimo, lini kupunguza miche, na kila nikimaliza sentensi natazama simu. Kijindege kilikuwa hakiendi. Kilikuwa juu ya nchi nisizojua majina yake, kikaingia baharini, kikakaa baharini. Ujumbe una alama moja. Mzee mmoja aliniuliza kama nina mgonjwa, nikasema ndiyo, akauliza amelazwa wapi, nikarudi kwenye mbegu. Nilikuwa mtu wa kujua la kufanya maisha yangu yote. Siku ile nilikuwa na mdomo na sina wa kumwambia.

Niliomba. Niliomba mambo ya kijinga: kwamba shemeji augue tumbo akae chooni, kwamba mama apitiwe na usingizi afanye asichojua. Nilimkasirikia mama kwa dakika kadhaa, nikasema kwa nguvu ndani ya gari la ofisi, kwa nini asiinuke tu, mguu ni wake. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe hadi leo siwezi kukaa kwenye kitanda cha baba mkwe wangu, hata kama nyumba inaungua.

Yaliyotokea humo ndani alinisimulia shemeji baadaye, zaidi ya mara moja, kwa sababu hawezi kuyaacha. Alipokaa tu, mama aligeukia dirisha. Shemeji akainuka kuomba abadilishiwe kiti. Mhudumu akamwambia ndege imejaa, labda abiria wakubaliane wenyewe. Akawauliza watu watatu. Utamwelezaje Mzungu kwamba huwezi kukaa na mama mkwe wako? Walicheka. Mmoja alimpigapiga mgongoni akamwambia hata yeye wa kwake asingemvumilia saa moja. Walidhani ni utani, kwao mama mkwe ni kitu cha kutania. Akaacha kuomba.

Basi akawa anakwenda kusimama nyuma karibu na vyoo, ili mama apate nafasi ya kula na kupita. Alisimama hadi visigino vikawaka moto. Lakini taa ya mikanda ikiwaka wanamrudisha, na kila akirudi anakuta mama amejifunika vilevile. Mama hakujua anaondoka kwa muda gani, akawa anaogopa kukutwa na kijiko mdomoni. Alikula mkate kidogo. Mara moja shemeji alikiambia kiti cha mbele yake kwamba kama kuna mtu anataka kupita, njia iko wazi, mwenye kiti atachelewa kurudi. Mama alisikia. Alijaribu kuinuka, akakuta mguu hauna nguvu, akakaa. Na zile soksi zilikuwa zinamchoma. Kuzivua angelazimika kukunja gauni hadi gotini mbele ya mkwe, kwa hiyo alizisukuma chini kwa kidole gumba cha mguu wa pili, kidogokidogo, chini ya kitenge. Ya kushoto ilijikunja chini ya goti ikakaza, ikakaa hapo saa nyingi.

Ndege ilitua. Shemeji akawasha simu, ujumbe wangu ukaingia na ile picha. Watu walikuwa wamesimama wanashusha mizigo. Alisema, akitazama mbele, "Mbuzi amepokelewa Sapiwi. Shangazi ndiye aliyepokea." Akanyoosha simu kidogo upande wa dirisha bila kugeuka. Mama akaangalia picha. Aliiangalia kwa muda mrefu, shemeji anasema, kama anayemkagua yule mbuzi. Kisha akatoa kanga kichwani, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake, akamwambia kwa Kisukuma, "Baba, nipe maji."

Alikunywa chupa nzima. Alikunywa mbele yake, shemeji anasema, na maji mengine yakamchuruzika kifuani, wala hakujali. Akaomba na nyingine. Akainuka amemshika mkono, wakatoka, wakaingia kwenye ule ushoroba mrefu wa kwenda kwenye paspoti. Mama alikuwa anamuuliza habari za mtoto, amefanana na nani. Hawakufika mwisho wa ushoroba. Alisema kifua kinambana, akaanguka, shemeji akamdaka.

Mimi nilipata habari saa nane usiku, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu. Mdogo wangu alipiga, nikasikia mtoto analia nyuma yake, nikajua kabla hajasema. Nikamuuliza maswali kumi kwa mkupuo, wanampa nini, amelazwa upande gani, miguu imeinuliwa? Mdogo wangu akasema, "Dada, naomba unyamaze." Nikanyamaza.

Mama hakufa. Alikaa hospitali siku kumi na tisa, sita za mwanzo kwenye mashine. Nilitaka kwenda, nikaomba visa, nikanyimwa. Nilichoweza ni kuongea naye kwenye simu, na hata hapo alikuwa anachoka haraka. Yeye na shemeji sasa wanaongea. Shemeji ndiye anayempeleka kliniki, anamkatia nyama, wanaangalia mpira pamoja. Mdogo wangu alinitumia picha wamekaa kochi moja wanakula mahindi, nikaingia chumbani nikajifungia nikalia.

Damu ile iliyoganda na kupanda kifuani iliacha kovu kwenye mapafu. Daktari wa kule alisema asipande ndege. Tulimuuliza hadi lini, akasema tuulize baada ya miezi sita. Tuliuliza. Akasema tuulize tena. Tulipouliza mara ya tatu alimweleza mdogo wangu pembeni, kama yule wa Bariadi alivyonieleza mimi, kwamba tusimpe mama matumaini ya safari. Karatasi zake za kukaa huko zinaongezwa kwa barua za hospitali. Mama hakuelezwa. Tulikubaliana hivyo sisi watoto, na mimi, mwenye mdomo, nikapewa kazi ya kuongea naye.

Kila Jumapili baada ya kanisa ananipigia. Ananiuliza habari za ng'ombe na za kila jirani wa Sapiwi, anauliza karanga zimepandwa upande gani wa shamba. Mwishoni anauliza, "Nitarudi lini?" Mara ya kwanza nilimwambia kabla ya mvua. Mvua zilipoanza nikamwambia tukishavuna. Tulivuna, pamba ikabebwa, nikamwambia wacha baridi ya huko ipite kwanza. Akawa anasema sawa, mwanangu, wewe ndiye unayejua mambo ya ndege.

Jumapili iliyopita tuliongea karibu saa nzima. Alinisimulia mtoto anavyoanza kusema maneno ya Kisukuma, akacheka. Akaniagiza ng'ombe wake wawili tumpe shangazi, na shamba la karanga tumgawie jirani aliyekuwa akilitaka siku nyingi. Nikasubiri aulize. Akanitakia kazi njema, akakata simu.